Niliganda mbele ya wasaili watatu: nijiandaeje kwa hatua ya mwisho?

SWALI: Mwalimu, mimi ni mtayarishaji wa programu ninayeishi Roysambu, na nimefanya kazi kwa miaka mitatu katika kitengo cha teknolojia cha chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Nairobi. Mwezi uliopita niliomba kazi katika kampuni changa ya malipo iliyoko Kilimani. Nilipita mazungumzo ya simu, kisha nikaitwa kuandika msimbo (maagizo ya programu ya kompyuta) kwa njia ya video huku watu watatu wakinitazama. Swali lilikuwa rahisi: kutafuta malipo yaliyojirudia katika orodha. Niliganda, nikashindwa hata kuandika mstari wa kwanza, ilhali jioni ile nilipokuwa peke yangu nililitatua bila shida. Pamoja na hayo, wamenipa kazi ya kufanyia nyumbani kwa siku tano, ambayo inafanana sana na bidhaa yao wenyewe, na baada yake nitakutana na mwanzilishi. Wanataka pia niwaambie mshahara wangu wa sasa na niwapelekee vyeti vya KRA (mamlaka ya kodi), HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) na maadili mema kutoka polisi. Je, kuganda kule ni ushahidi kwamba sifai? Niifanye kazi hiyo? Na huyo mwanzilishi nimwambie nini?

JIBU: Dada yangu, nitaanza na lile linalokuumiza, kwa sababu usipolitua hutaweza kujiandaa vyema kwa mengine. Kuganda mbele ya watu watatu si ushahidi kwamba hujui kazi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State, wakishirikiana na Microsoft, walichapisha utafiti uliohusu wanafunzi 48 wa sayansi ya kompyuta. Baadhi yao walitatua tatizo la kiufundi ubaoni mbele ya mtazamaji huku wakieleza wanachofikiri, na wengine waliachiwa ubao katika chumba chao peke yao. Waliotazamwa walifanya vibaya kiasi cha kupata chini ya nusu ya kile walichopata wenzao. Katika kundi la waliotazamwa hakuna mwanamke hata mmoja aliyefaulu, ilhali wanawake wote walioachwa peke yao walifaulu. Kundi lilikuwa dogo, kwa hiyo sikusihi uyachukue matokeo hayo kuwa kanuni ya jumla. Lakini yanatosha kukuonyesha kwamba kilichokupata kina maelezo mengine kabla ya kufikia lile la kwamba hufai. Jaribio lako mwenyewe la jioni ile, ulipolitatua swali lile lile bila macho ya watu, linasema jambo hilo hilo.

Hata hivyo sitaki ukae tu na faraja hiyo, maana hatua zilizobaki nazo zina macho ya watu. Nimekaa upande wa wasaili kwa muda mrefu wa kutosha kufahamu jambo moja kuhusu kampuni changa za jiji hili: wengi wanaosaili hawakufundishwa kusaili. Mtu anayekuuliza maswali asubuhi huenda usiku alikuwa akirekebisha seva, na maswali yake ameyachukua kutoka kwa kampuni kubwa za Marekani, ambazo hupokea maombi mengi mno na zinahitaji chujio la haraka. Utafiti wa saikolojia ya kazi, tangu uchambuzi mkubwa wa Schmidt na Hunter wa mwaka 1998 hadi ule wa Sackett na wenzake wa mwaka 2022, umeonyesha kwamba usaili wenye mpangilio, ambapo kila mwombaji huulizwa maswali yale yale na kupimwa kwa vigezo vile vile, hutabiri utendaji wa kazi vizuri zaidi kuliko mazungumzo yanayokwenda kama yatakavyo. Kampuni changa nyingi hazina mpangilio huo. Kwa sababu hiyo, pengo lolote unaloliacha bila maneno, msaili hulijaza kwa dhana yake: ukinyamaza, mmoja atadhani unafikiri na mwingine atadhani hujui. Na wewe nawe, pale wanapokuachia pengo kuhusu muda, mshahara au umiliki wa kazi yako, utalijaza kwa hofu. Ushauri wangu wote unaofuata unatokana na hapo: sema kwa sauti kile ambacho wangekikisia, na uliza, tena kwa maandishi, kile ambacho wewe ungekikisia.

Tuchukue swali lile lililokugandisha. Orodha ya malipo imetolewa, nawe unatakiwa kutaja yaliyojirudia. Kabla ya kugusa kibodi, yako mambo ya kuuliza ambayo mhandisi yeyote makini angeyauliza kazini: malipo mawili huhesabiwa kuwa yamejirudia yakiwa na namba ileile ya muamala, au hata yakiwa na mteja mmoja, kiasi kimoja na dakika moja? Orodha ina malipo mia moja au milioni moja? Imepangwa kwa wakati au imechanganyika? Ukiuliza maswali hayo matatu, tayari umeonyesha kwamba unajua fedha za watu si mchezo, kwa kuwa mteja anayenunua tiketi mbili za matatu za bei moja kwa dakika moja hajarudia malipo kimakosa. Umejipa pia nafasi ya kuvuta pumzi bila kunyamaza.

Kisha anza na jibu baya, na uliite hivyo waziwazi. Sema: njia ya moja kwa moja ni kulinganisha kila malipo na kila jingine, itafanya kazi, lakini kwa malipo 10,000 ina maana ya kulinganisha jozi takriban milioni 50. Baada ya hapo eleza njia bora: nitapita orodha mara moja tu, na kila namba ya muamala ninayoiona nitaiweka katika jedwali la zilizokwisha kuonekana, nikikutana na namba iliyomo tayari, hiyo imejirudia. Kazi hiyo ni hatua 10,000 badala ya milioni 50, na gharama yake ni kumbukumbu ya ziada ya kompyuta. Msaili anayejua kazi yake hupenda kusikia hiyo sentensi ya mwisho kuliko msimbo wenyewe, kwa sababu inaonyesha kwamba hukukariri jibu, bali unajua unalipa nini ili upate nini.

Ukihisi kuganda kunakuja tena, kiri kwa ufupi na uendelee: "Nimekwama hapa, naomba dakika moja niandike mfano mdogo." Kisha andika malipo manne kwa mkono na uyafuatilie moja baada ya jingine. Hakuna msaili mwenye busara atakayekunyima dakika hiyo, na anayekunyima amekuarifu jinsi kwao wanavyomtendea mtu aliyekwama. Jambo hili halijifunzwi kwa kusoma. Mwombe mwenzako mmoja, hata asiye mtaalamu, aketi kando yako mara kadhaa kabla ya mkutano huo huku wewe ukitatua maswali na kusema kila unachowaza. Mara ya kwanza utaona aibu. Aibu hiyo ni bora uimalize sebuleni mwako Roysambu kuliko Kilimani.

Kwa kuwa kampuni yenyewe inashughulika na malipo, nakuhimiza ujiandae hasa kwa swali la aina hii, ambalo kwa maoni yangu hupima zaidi kuliko fumbo lolote la algoriti, yaani hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta: mteja amelipa shilingi 500 kwa M-Pesa, amepokea ujumbe wa uthibitisho kwenye simu yake, lakini programu yenu bado inaonyesha hajalipa. Ungefanya nini, na ungeujengaje mfumo ili jambo hilo lisiwe la kila siku?

Unalijua jibu hili pengine kuliko unavyodhani, kwa sababu chama cha akiba na mikopo hupokea malipo kwa njia hizo hizo. Mfumo wako unapoomba malipo kupitia Daraja, ambao ni mlango wa Safaricom kwa watayarishaji programu, mteja huletewa ombi la kuweka namba yake ya siri kwenye simu. Wakati huohuo seva yako hupata jibu la papo hapo lenye kitambulisho cha ombi. Waombaji wengi hukosea hapa: jibu hilo la kwanza lina maana kwamba ombi limepokelewa tu, halina maana kwamba fedha zimelipwa. Matokeo ya kweli hutumwa baadaye kwenye anwani ya seva uliyoitoa, yakiwa na namba ya matokeo, ambapo 0 ni mafanikio na 1032 ni mteja kughairi. Ujumbe huo unaweza kuchelewa, unaweza kufika seva yako ikiwa imezimika, na mfumo wako lazima ustahimili hata kuupokea mara mbili.

Kwa hiyo jibu zuri huanza kabla ya malipo. Unaandika ombi katika hifadhidata likiwa na hali ya "linasubiri" kabla ya kulituma, kama mwenye duka anayeandika deni daftarini kabla mteja hajatoka mlangoni. Matokeo yakija, unayaoanisha na ombi kwa kitambulisho chake, na unaifanya namba ya risiti ya M-Pesa kuwa ya pekee katika hifadhidata, ili ujumbe ukija mara ya pili usimwongezee mteja fedha mara mbili. Matokeo yasipokuja kwa muda ulioweka, mfumo wako wenyewe uulize hali ya muamala, usingoje mteja apige simu akilalamika. Na kila siku, taarifa ya M-Pesa ilinganishwe na vitabu vyenu, na kila tofauti itajwe kwa jina lake. Ukifika hapo, ongeza jambo ambalo wahandisi wengi husahau: mteja ataonyeshwa nini wakati huo wote? Kumwambia "malipo hayakufaulu" ilhali hujui kama yamefaulu ni kumwalika alipe tena. Mwambie malipo yanathibitishwa.

Sasa kazi ya nyumbani. Jambo la kwanza ni muda. Kazi ya usaili inayochukua saa 4 hadi 6 za kazi ni ya haki. Inayochukua siku tano nzima, kwa mtu ambaye tayari ana ajira na safari ya Thika Road asubuhi na jioni, inapima ni nani asiye na majukumu mengine kuliko inavyopima ustadi. Huenda hawakukusudia hivyo. Mara nyingi aliyetunga kazi hiyo hakuwahi kuifanya mwenyewe, na "siku tano" ilikuwa tarehe ya mwisho wa kuwasilisha, haikuwa kiasi cha kazi. Waandikie barua pepe fupi uulize: mnatarajia nitumie saa ngapi, mtapima nini, na je, ninaruhusiwa kutumia wasaidizi wa akili bandia? Swali hili la mwisho usiliache. Kampuni nyingine huruhusu, nyingine hukataa, na msaili akigundua baadaye kwamba ulitumia bila kusema atakuhukumu kwa kuficha, hata kama msimbo wenyewe ulikuwa safi.

Jambo la pili ni umiliki, nalo ndilo lililonifanya nijibu swali lako kwa urefu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kwamba kazi iliyoagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki yake huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande hizo mbili ziwe zimekubaliana vinginevyo. Kama kazi ya usaili ni kazi "iliyoagizwa" kwa maana hiyo ni suala ambalo wakili anaweza kulibishania siku nzima. Wewe huhitaji ubishi, unahitaji makubaliano. Katika barua pepe ile ile ongeza sentensi hii, kwa lugha yoyote mnayoandikiana: "Ninaelewa kwamba kazi hii ni ya tathmini pekee, kwamba haitatumika katika bidhaa ya kampuni, na kwamba msimbo utabaki kuwa wangu iwapo sitaajiriwa." Kampuni yenye nia njema itajibu "ndiyo" kwa mstari mmoja. Ikikataa, au ikikaa kimya huku ikikuhimiza uwahi, pendekeza njia mbadala: utengeneze sehemu ndogo tu ya kazi hiyo, au wakulipe kwa siku hizo, au uwaeleze kwa saa moja mradi wako binafsi ambao msimbo wake unaweza kuonekana na yeyote.

Angalia nimesema mradi wako binafsi. Msimbo ulioandika ukiwa mwajiriwa wa chama chako si wako wa kuonyesha, kwa kuwa sheria hiyo hiyo huihamishia hakimiliki ya kazi ya mwajiriwa kwa mwajiri wake. Eleza uamuzi uliofanya huko na sababu zake, lakini usifungue faili zake mbele ya watu wa Kilimani. Vilevile, ukipewa kwa ajili ya kazi ya usaili orodha yenye majina na namba za simu za wateja wa kweli, isimamishe kazi hiyo na uwaulize. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haiwaruhusu kugawa taarifa za wateja kwa waombaji kazi bila msingi wa kisheria, na kampuni ya malipo inayofanya hivyo imekuonyesha jinsi inavyozilinda taarifa za kila mtu, zako zikiwemo.

Wakikubali masharti yako, ifanye kazi hiyo kwa uzuri wa kadiri, usiifanye kwa wingi. Nimesoma kazi nyingi za waombaji, na zile zinazonivutia si zile zenye vipengele kumi. Ni zile ambazo mwombaji ametimiza vipengele viwili, akaviandikia majaribio yanayojiendesha, na akaweka faili ya maelezo isiyozidi ukurasa mmoja inayosema jinsi ya kuiendesha programu, mambo aliyoyachukulia kuwa kweli bila kuambiwa, na mambo aliyoyaacha kwa makusudi na kwa nini. Mfano: "Sikujenga kuingia kwa nenosiri, kwa sababu kazi haikuitaja, katika mfumo wa kweli ningeanza nayo." Sentensi moja kama hiyo humwondolea msaili dhana kwamba hukujua. Kisha iendeshe programu yako kwenye kompyuta nyingine, au angalau katika folda mpya kabisa, kwa kufuata maelezo yako mwenyewe. Kazi nyingi nzuri huanguka kwa sababu tu ziliendeshwa mahali ambapo faili moja ya mipangilio ya siri, iliyobaki kwenye kompyuta ya mwombaji, haikuwepo.

Kuhusu mkutano na mwanzilishi: usijiandae kujibu maswali ya msimbo pekee. Mwanzilishi wa kampuni changa hukaa na swali moja moyoni, nalo ni iwapo mambo yakiharibika usiku wa Ijumaa utayashughulikia au utangoja kuelekezwa. Mpe ushahidi. Chagua tukio moja kutoka miaka yako mitatu na ulieleze lote: tatizo lilikuwa nini, ulikuwa na njia zipi, ulichagua ipi na uliacha ipi, na matokeo yakawa nini, hata kama hayakuwa mazuri kabisa. Tulilelewa kutojisifu, na wanawake hasa tulifundishwa kuipa timu sifa zote. Lakini hapa mwanzilishi anahitaji kujua wewe binafsi ulifanya nini, na kumwambia hivyo si majivuno. Mwajiri wako wa sasa usimseme vibaya. Sema unachokitafuta ambacho hukipati.

Baada ya hapo umuulize maswali, na uulize bila woga. Fedha walizo nazo zitawatosha miezi mingapi kwa matumizi ya sasa? Nafasi hii imetokeaje, ni mpya au kuna aliyeondoka? Nani huamua kitakachojengwa, na uamuzi hubadilika mara ngapi? Malipo yakikwama saa nane usiku, nani huamshwa, na hufidiwa vipi? Swali la fedha usilione kuwa la ufidhuli. Sendy, iliyoshughulika na usafirishaji wa mizigo, ilifunga shughuli zake mwaka 2023, na Copia, iliyopelekea familia za mashambani bidhaa kupitia mawakala, iliwekwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi mwaka 2024, ingawa zote mbili zilikuwa zimepata mamilioni ya dola kutoka kwa wawekezaji. Waliofanya kazi humo hawakuwa wazembe. Mwanzilishi mkweli atakujibu kwa idadi ya miezi au atakueleza kwa nini hawezi kuitaja. Anayekasirika kwa kuulizwa amekujibu pia.

Mshahara wa sasa huna wajibu wa kuutaja. Jibu kwa heshima kwamba ungependa kuzungumzia thamani ya nafasi hii, taja kiwango unachokitaka cha chini na cha juu, na uwaulize walichopanga katika bajeti yao. Zungumza daima juu ya mshahara kabla ya makato, kwa mwezi, na useme hivyo waziwazi, kwa sababu kati ya kiasi hicho na kitakachofika benki kuna kodi ya mapato, mchango wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii na asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu. Uliza pia utaajiriwa na nani. Kampuni nyingi changa za Nairobi zimesajiliwa Delaware, Marekani, kwa ajili ya wawekezaji, na baadhi huwaita wahandisi wao washauri badala ya waajiriwa. Ukiwa mshauri, michango na kodi hubaki mzigo wako, na kiasi unachokitaja lazima kiwe kikubwa zaidi.

Wakikuahidi hisa badala ya sehemu ya mshahara, usivutwe na idadi. Hisa 10,000 kati ya milioni 10 ni asilimia 0.1 tu, na bila kuambiwa jumla hujaambiwa chochote. Mpango wa kawaida huzitoa hisa hizo kidogo kidogo kwa miaka minne, na mwaka wa kwanza usipokamilika hupati hata moja. Kwa maoni yangu, mtu anayelipa kodi ya nyumba Roysambu na kutuma fedha nyumbani ajadili mshahara kwanza kana kwamba hisa hazipo, kisha azipokee kama nyongeza.

Vyeti sitakaa navyo sana, kwa sababu sheria iko wazi. Sheria ya Marekebisho ya Ajira ya mwaka 2022 inamkataza mwajiri kudai vyeti vya idhini kama hivyo kabla hajawa na nia ya kuingia nawe katika mkataba wa maandishi. Wajibu kwamba utavipeleka mara tu utakapopokea barua ya kukupa kazi, hata ikiwa na masharti, na uanze taratibu za kuviomba kimya kimya ili usichelewe.

Siku ya mkutano, ukiwa kwa video, weka bando la kutosha kwenye simu na uijaribu mapema kama njia ya pili ya intaneti, maana umeme ukikatika saa hiyo hutakuwa na wa kumlaumu. Ukiwa ana kwa ana, panda gari mapema kuliko ramani inavyokushauri.

Wakikupa kazi, usiwasilishe barua ya kujiuzulu kwa ahadi ya simu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Usome hasa kipindi cha majaribio, ambacho hakipaswi kuzidi miezi sita na hakiwezi kurefushwa, kwa muda usiozidi miezi sita mingine, bila wewe kukubali, huku notisi ya kuachana katika kipindi hicho ikiwa angalau siku saba. Usome likizo ya mwaka, ambayo haipaswi kupungua siku 21 za kazi kwa mshahara kamili. Na usome kifungu cha uvumbuzi, kuona kama wanadai hata unachokiandika wikendi kwa kompyuta yako. Mkataba wako wa sasa nao utazame tena. Kwa anayelipwa kwa mwezi notisi ya kisheria ni angalau siku 28, na mkataba unaweza kutaka zaidi, kwa hiyo tarehe ya kuanza kazi Kilimani itaje baada ya kuzihesabu siku hizo, na uombe iandikwe katika mkataba kabla hujatia sahihi.